Siasa, hisa na grafu niliyoikata mwezi wa Aprili

Najua nimepotea kwa muda, na wale waliokuwa wakingoja sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu hifadhidata watanisamehe. Leo nataka tuzungumzie pesa. Si kwamba nimeacha kazi ya kuandika programu nikawa dalali wa hisa, la hasha. Ila kuna swali ambalo limekuwa likinirudia tangu Juni 2024, na kama mnavyonijua, swali likishanikamata silali vizuri mpaka niliandike.

Swali lenyewe ni hili: siasa zikichafuka, ni nini hasa kinachoharibika kwenye makampuni na kwenye soko la hisa? Watu wengi husema "wawekezaji wameogopa" na kuishia hapo. Kwangu mimi jibu hilo ni kama la yule mteja anayepiga simu saa mbili asubuhi kusema "mfumo wenu umekufa". Umekufa wapi? Ni seva, ni hifadhidata, au ni stima imepotea ofisini kwako? Lazima ufungue uangalie ndani. Basi leo tufungue.

Nianze na baba yangu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nakuru, na mama alikuwa na duka dogo la vitambaa, nyuzi, zipu na vifungo. Mwaka 2006 serikali ilipouza asilimia 30 ya KenGen kwa wananchi, kwa shilingi 11.90 kila hisa, baba alichukua mkopo kwenye sacco ya walimu akanunua. Wakenya wengi walifanya hivyo mwaka ule. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo, kwa hivyo kila mtu aligawiwa kidogo kuliko alivyoomba. Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni mwezi wa Mei, bei ilizidi mara 3 ya ile ya kununulia. Nilikuwa na miaka 9 na sikuelewa kitu, lakini nakumbuka baba akiingia nyumbani na gazeti chini ya kwapa, uso umemng'aa. Mama alimwambia auze. Baba akasema hapana, hizi ni karo za sekondari za hawa watoto.

Kisha uchaguzi wa 27 Desemba 2007 ukaja. Matokeo yalitangazwa tarehe 30, na yaliyofuata mnayajua. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Nakuru yetu ilitulia mwanzoni, tukadhani tumepona. Mwishoni mwa Januari moto ukatufikia na sisi. Duka la mama lilivunjwa usiku. Alipoenda kuangalia asubuhi aliambiwa na jirani asikae sana pale. Alirudi na kisanduku kimoja cha vifungo. Hicho ndicho kilichobaki. Siku mbili baadaye tulikuwa Nairobi kwa shangazi, Kahawa West, watu 9 katika vyumba viwili.

Baba akauza hisa. Aliuza zote, kwa bei aliyoikuta, akapata pesa ya kodi ya nyumba na ya kumwanzishia mama duka upya. Mkopo wa sacco uliendelea kukatwa kwenye mshahara wake, ilhali hisa zenyewe zilikuwa zimekwenda.

Sasa turuke mpaka 2017. Niko chuo kikuu, mwaka wa pili, nasoma sayansi ya tarakilishi. Ijumaa tarehe 1 Septemba tuko maabara, kila mtu anajifanya anafanya kazi huku anasikiliza redio kwa simu. Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti. Wenzangu wengine walishangilia, wengine walinyamaza. Mimi nilifungua ukurasa wa bei za hisa. Zilikuwa zinaporomoka hivi kwamba soko la Nairobi lilisimamisha biashara kwa muda ili watu wapumue. Nilivutiwa sana! Jambo lililosemwa na majaji, bila jiwe kurushwa, lilikuwa limebadilisha bei ya kila kitu kwa dakika chache.

Nikaandika skripti ndogo ya Python, nikaanza kukusanya takwimu za zamani za NSE 20, kile kipimo cha kampuni 20 za soko la Nairobi, kutoka kwenye ripoti za kila mwezi zilizochapishwa. Moja kwa moja nikaenda kwenye ule mwaka wetu. Nilichopata ni hiki, mwisho wa kila mwezi:

Desemba 2007: 5,445
Januari 2008: 4,713
Februari 2008: 5,072
Machi 2008: 4,843
Aprili 2008: 5,336

Angalieni vizuri. Januari soko lilipoteza zaidi ya asilimia 13. Tarehe 28 Februari mkataba wa kitaifa ukatiwa saini, na kufikia mwisho wa Aprili karibu hasara yote ilikuwa imerudi. Mwezi huohuo wa Aprili Wakenya walikuwa wanapanga foleni kununua Safaricom kwa shilingi 5, hisa bilioni 10, na maombi yakazidi mara 5 ya zilizokuwepo. Yaani miezi miwili tu baada ya nchi kukaribia kuanguka!

Nilichora grafu safi, yenye bonde la Januari na mlima wa Aprili. Krismasi nikaenda nayo nyumbani. Nilimwonyesha baba kwenye laputopu, nikamweleza kwa maringo ya mtoto wa chuo: "Baba, uliuza chini kabisa ya bonde. Ungesubiri miezi mitatu tu."

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu," akanirudishia laputopu na kwenda kufungia kuku.

Nitairudia grafu hiyo. Kwanza tuangalie mitambo ya ndani, maana nadhani wengi wetu (hasa sisi wa programu) tunaichukulia siasa kama hali ya hewa, kitu cha kulalamikia tu.

Njia ya kwanza ambayo siasa huingia kwenye kampuni ni rahisi: mauzo yanakufa na gharama zinapanda. Januari 2008 barabara ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilifungwa mara kwa mara, na reli iling'olewa Kibera. Uganda na Rwanda zikakosa mafuta. Mwenye kiwanda Kampala hakuwa amepiga kura Kenya, lakini lori lake lilikuwa limekwama Burnt Forest au Naivasha. Kwa lugha yetu, hicho ni kitegemezi ambacho hukukiandika kwenye orodha, na unakigundua siku kinapovunjika. Uchumi wa Kenya ulikuwa umekua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2007. Mwaka 2008 ukuaji ulishuka chini ya asilimia 2.

Njia ya pili haionekani kwa macho, na ndiyo iliyonichukua muda kuielewa. Chukua kampuni inayokupa faida ya shilingi 10 kwa kila hisa, kila mwaka, bila kukoma. Ukidai pato la asilimia 15 kwa pesa yako, hisa hiyo kwako ina thamani ya shilingi 66.70 hivi (gawanya 10 kwa 0.15). Sasa nchi imechafuka, na wewe unasema, kwa hatari hii siwezi kukubali chini ya asilimia 18. Gawanya tena: shilingi 55.60. Thamani imeshuka kwa karibu asilimia 17, na kampuni haijapoteza mteja hata mmoja. Mashine zinazunguka, wafanyakazi wako kazini, faida ni ileile ya shilingi 10. Kilichobadilika ni kile kiwango kilichomo vichwani mwa wanunuzi.

Na kiwango hicho hakitoki hewani. Mwekezaji hulinganisha hisa na kuikopesha serikali. Mwanzoni mwa 2024 watu walikuwa na wasiwasi kama Kenya ingeweza kulipa deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva mwezi wa Juni. Februari serikali iliuza hati za miundombinu kwa pato la asilimia 18.46, bila kodi. Wewe mwenyewe fikiria: kwa nini ununue hisa, zenye mashaka, kama serikali inakupa asilimia 18 na zaidi ukiwa umelala? Ndiyo maana hofu kuhusu serikali hupiga bei ya kampuni ambayo haina uhusiano wowote na serikali.

Njia ya tatu ni sheria. Hapa hakuna moto wala mawe. Tarehe 24 Agosti 2016 Rais alitia saini sheria ya kuzuia riba, mabenki yasitoze zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wananchi wengi tulifurahi, mimi mmoja wao. Lakini siku zilizofuata hisa za mabenki makubwa zilishuka hadi kukaribia ukomo wa asilimia 10 ambao soko letu huruhusu bei kusogea kwa siku moja. Sheria ilifutwa Novemba 2019. Kwa miaka hiyo mitatu mabenki yaliona afadhali kuikopesha serikali kuliko kumkopesha mtu kama mama yangu. Sheria ilikusudia kumsaidia, naye akaambiwa arudi na dhamana.

Ya nne ni kusubiri, na kwangu mimi hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu haina kelele. Nitaieleza nikifika 2024.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu soko letu lenyewe. Soko la Nairobi lilianzishwa 1954 na tangu 2006 biashara hufanywa kwa mashine, lakini bado ni soko jembamba. Kampuni chache ndizo zinazolibeba. Kuna nyakati Safaricom peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Na sehemu kubwa ya ununuzi na uuzaji hufanywa na wawekezaji wa nje, ambao wakiamua kuondoka huondoka pamoja. Mtu wa programu akiona mchoro kama huo atauliza swali la kwanza kabisa: hii seva moja ikianguka? Mjadala wa Bunge kuhusu ushuru wa kutuma pesa kwa simu unaweza kulitikisa soko zima, kwa sababu mzigo wote umewekwa hapo.

Na kushuka kwa bei si kitu kibaya zaidi kinachoweza kutokea. Soko la hisa la Cairo lilifungwa baada ya 27 Januari 2011 watu walipojaa Tahrir, na halikufunguliwa mpaka 23 Machi. Karibu wiki 8. Moscow ilisitisha biashara ya hisa mwisho wa Februari 2022 baada ya kuivamia Ukraine, ikaanza kufungua kidogokidogo tarehe 24 Machi, na wageni wengi hawakuruhusiwa kuuza. Fikiria una hisa, bei imeandikwa pale, na kitufe cha kuuza hakibonyezeki. Bei unayoiona kwenye skrini ni ahadi tu ya mtu mwingine kununua, na ahadi ina masharti.

Haya, sasa Juni 2024.

Nafanya kazi katika kampuni ndogo Nairobi, tuko watu 8. Tunatengeneza mifumo ya maghala na usambazaji: mzigo umetoka wapi, uko wapi, nani amelipa. Mwaka ule ulianza vibaya kwetu. Seva zetu tunazilipia kwa dola. Januari dola moja ilifika shilingi 160 na kitu, kwa hivyo bili ya dola 400 ilikuwa shilingi 64,000. Miaka miwili nyuma bili ileile isingefika 46,000. Shilingi ilipata nguvu baada ya serikali kukopa upya mwezi wa Februari na kuanza kulipa lile deni, ikatulia kwenye 130 hivi, tukapumua. Tulikuwa tumemaliza awamu ya kwanza ya kazi kwa mteja mmoja kutoka nje ya nchi, na awamu ya pili, ile kubwa, ilikuwa imebaki saini tu.

Jumanne tarehe 25 Juni vijana waliingia Bunge. Sikuwa mjini, nilikuwa nimebaki ofisini kuangalia mfumo, lakini wenzangu wawili walikuwa barabarani, na tuliwatafuta kwa simu hadi usiku kwa sababu mtandao ulikuwa umezorota nchi nzima. Walipatikana salama. Kuna wengi hawakupatikana. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu angalau watu 60 waliokufa katika maandamano ya mwaka ule, na nataka hilo likae hapa kabla sijaendelea kuzungumzia shilingi na senti.

Tarehe 26 Rais alikataa kutia saini Mswada wa Fedha. Tarehe 27 tukapata barua pepe kutoka kwa yule mteja. Ilikuwa ya heshima sana. Haikusema wanavunja mkataba, wala haikulalamika kuhusu kazi yetu. Ilisema wameamua kungoja hali itulie, na watawasiliana nasi.

Hiyo ndiyo njia ya nne. Mtu mwenye pesa, akiona giza, hana haja ya kukimbia. Anasubiri tu. Kwake kusubiri ni bure, tena ni busara: akijenga ghala leo hawezi kulibeba kesho, basi bora aone kwanza. Lakini kusubiri kwake kuna anayekulipia, na anayekulipia ni yule aliye upande wa pili wa barua pepe. Wakisubiri wateja 100 kwa wakati mmoja, hakuna kampuni iliyovunjika, hakuna habari kwenye gazeti, na watu wengi hawana mshahara.

Mwezi wa Julai Moody's ilishusha daraja la mikopo la Kenya, kutoka B3 hadi Caa1. Mwisho wa mwezi mkubwa wetu alituita sote chumba cha mikutano akatuambia ukweli: kuna nusu mshahara, na kama kuna anayetaka kutafuta kwingine hatamlaumu. Sina lawama kwake. Yeye mwenyewe hakuchukua chochote.

Usiku ule nilikaa kitandani nikafanya hesabu. Mshahara, nusu. Hisa nilizokuwa nimenunua kidogokidogo tangu nianze kazi, za kampuni mbili, zilikuwa zimeshuka tangu mapema Juni. Duka la mama Nakuru lilikuwa linafungwa kila siku ya maandamano, na yeye ndiye aliyekuwa akisaidia karo ya mdogo wangu. Vitu vitatu ambavyo kichwani mwangu vilikuwa vitatu, kumbe vilikuwa kimoja. Nilikuwa nimejisifu kwamba nimegawa mayai yangu katika vikapu tofauti, lakini vikapu vyote vilikuwa vimefungwa kwenye baiskeli moja. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwaambia wateja wasiweke nakala ya akiba kwenye chumba kimoja na seva!

Nilitaka kuuza. Halafu nikajikumbusha somo langu la 2017: usiuze bondeni. Nikaitafuta ile grafu ili inipe moyo. Skripti bado ilikuwepo. Na kwa sababu nilikuwa sina usingizi, nikaongeza miezi niliyokuwa nimeiacha.

Mei 2008: 5,176
Juni: 5,186
Julai: 4,868
Agosti: 4,649
Septemba: 4,180
Oktoba: 3,387
Novemba: 3,341
Desemba: 3,521

Nilikaa nikiitazama skrini. Lehman Brothers ilianguka New York tarehe 15 Septemba 2008, na mgogoro wa fedha duniani, ambao haukuwa na habari na Kibaki wala Raila, ulikuwa umeshusha soko letu chini kuliko machafuko yenyewe. Mtu aliyesubiri kama nilivyomshauri baba alikuwa na nafasi fupi ya kutoka, kisha akateremka bonde refu kuliko lile la kwanza. Hata zile hisa za Safaricom za shilingi 5 zilishuka chini ya shilingi 3 mwaka uliofuata.

Ndugu wasomaji, mwaka 2017 sikukosa data. Ripoti nilizokuwa nazo zilifika hadi Desemba. Niliikata grafu mwezi wa Aprili kwa sababu Aprili ndipo hadithi yangu ilipopendeza. Tungemwona mtu akifanya hivyo kazini, akipima kasi ya programu na kuonyesha zile sekunde nzuri tu, tungemcheka mpaka alie. Mimi nilimfanyia baba yangu mzazi, nyumbani kwake, sikukuu ya Krismasi.

Asubuhi nikampigia simu. Nilimweleza kuhusu mshahara, kuhusu hisa, na kwamba sijui niuze au nisubiri. Nilidhani ataniuliza bei. Hakuuliza. Aliniuliza, "Nani anakudai kesho?"

Nikamtajia: kodi ya nyumba tarehe 5, mkopo wa HELB, na sehemu yangu ya karo ya mdogo wangu muhula wa tatu.

"Basi uza za kuwalipa hao. Nyingine ziache zilale, hata ukizisahau."

"Na bei ikipanda?"

"Itapanda, utakuwa umelipa kodi."

Nikamwambia, "Baba, ile grafu niliyokuonyesha..."

"Grafu gani?" akasema. Labda amesahau kweli. Kumjua kwangu, hajasahau.

Nikauza theluthi moja. Nyingine niliziacha. Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu hushangaa: mwaka 2024, mwaka wa maandamano, wa kushushwa daraja na wa mshahara wa nusu, kipimo cha hisa zote za Nairobi, NASI, kilifunga mwaka kimepanda kwa takriban asilimia 34. Naam, kimepanda. Shilingi ilikuwa imetulia, riba ilikuwa inashuka, na kile kiwango cha vichwani nilichokieleza kikashuka nacho. Ukirudi kwenye hesabu yetu ya shilingi 10, gawanya kwa kiwango kidogo na thamani inapanda, hata kama nje barabarani mambo ni yaleyale.

Kwa hivyo soko la hisa si kipimo cha afya ya nchi. Mwaka 2008 lilipona kabla ya watu kurudi makwao. Kufikia Aprili wengi walikuwa bado kwenye hema Nakuru, katika uwanja wa maonyesho, nilipita pale nikiwa kwenye matatu nikawaona. Mwaka 2024 lilipanda huku familia zikizika. Na mwaka 2013, tulipokwenda kupiga kura tarehe 4 Machi kila mtu akiwa na hofu ya 2007, mambo yakaenda kwa utulivu hata baada ya kesi, na soko likapanda kwa sababu tu lile lililoogopwa halikutokea. Bei hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Haipimi wema wala ubaya wa kilichotokea.

Je, mtu afanye nini? Siwezi kuwaambia mnunue nini. Naweza kuwaambia tulichobadilisha. Ofisini, sasa tunachukua malipo ya kwanza kabla ya kuandika mstari mmoja, na tunakata kazi katika vipande vidogo ili mteja akiamua kusubiri, asubiri akiwa amelipia alichopokea. Tunaweka akiba ya dola ya kulipia seva miezi 6. Yule mteja wa nje alirudi, kwa taarifa yenu, baada ya miezi 7, na kazi ikaendelea. Wawili kati yetu walikuwa wameshaondoka, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anaujua vizuri ule mfumo kuliko sote. Hasara hiyo haiandikwi kwenye kipimo chochote.

Mimi binafsi nina akaunti ya akiba ambayo siigusi, ya mahitaji ya miezi 5, iko njiani kufika 6. Kabla ya kununua hisa yoyote najiuliza kwanza lile swali la baba. Hatari haimo kwenye hisa peke yake. Imo kwenye hisa pamoja na tarehe ya kodi yako. Watu wawili wenye hisa zilezile, siku ileile, mmoja amepata mtikisiko na mwingine amepata msiba, na tofauti yao ni nani anadaiwa kesho.

Uchaguzi mkuu umepangwa Agosti 2027. Mama ameanza kuuliza kama apunguze mali dukani mwezi wa Julai mwaka huo, kama anavyofanya kila uchaguzi tangu 2008. Wataalamu wa fedha wana jina refu la jambo hilo. Yeye huita kuhamisha vitambaa kwa dada yake.

Kile kisanduku cha vifungo bado kipo, kwenye rafu ya juu. Haviuzwi.

Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja, naahidi. Na kama nawe ulikuwa na hisa 2008, au mzazi wako alikuwa nazo, niandikie unieleze mlifanya nini. Ila tafadhali, nileteeni grafu nzima.